Wakazi wa Mji wa Chumvi

Albena Koycheva alikuwa mtu wa kutilia mambo shaka, na bahati yake alipata kazi inayoilipa mshahara tabia hiyo. Kampuni ya bima ilimtuma kukagua magari yaliyogongwa Gabrovo na vijiji vyake vya milimani. Mwenye gari angeeleza jinsi lori lisilojulikana lilivyomkwaruza barabarani likatokomea. Albena angechuchumaa, apitishe kidole kwenye mkwaruzo, kisha aulize kwa upole kama lango la nyumbani kwa bwana lilipakwa ile rangi ya kijani mwaka huu au mwaka jana. Watu walimwogopa kuliko walivyomchukia. Walisema huyo ni mtu wa Gabrovo halisi, kwa maana Bulgaria nzima huwacheka watu wa Gabrovo kwamba hukata mikia ya paka wao ili mlango ufungwe upesi wakati wa baridi na joto lisipotee. Albena hakuwahi kuona kichekesho hapo. Aliona ni hesabu nzuri, ila paka angepaswa kuulizwa.

Mahali pamoja tu duniani ndipo alipoivua shaka yake kama mtu avuavyo viatu mlangoni. Ulikuwa mchezo wa kompyuta, wa mtandaoni, ulioitwa Bonde la Kunguru. Kwa miaka mingi, kila Jumapili mchana, watu wanne walikutana humo na kwenda vitani pamoja. Wa kwanza alikuwa yeye. Wa pili alikuwa Svilen, mdogo wake wa tumbo moja, aliyehamia Almería huko Hispania kufanya kazi kwenye mabanda ya plastiki ya kukuzia nyanya. Wa tatu alikuwa Tsvetina, mfamasia wa Varna, mwanamke mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kununa. Wa nne alikuwa mzee Docho wa Sevlievo, mwalimu mstaafu wa ufundi wa vyuma, mjane, aliyejifunza kompyuta uzeeni na kupigana kama mtu asiye na cha kupoteza. Tsvetina na Docho hawakuwahi kuonana na Albena uso kwa uso, lakini kama angeambiwa ataje watu anaowaamini, majina yao yangetangulia ya majirani zake.

Kisha wenye Bonde la Kunguru wakatangaza kwamba wachezaji wamepungua, wakazima mitambo. Wanne hao wakaahidiana kuzungumza kila Jumatano kwa simu ya video, na kwa muda wakatimiza. Lakini mazungumzo yasiyo na kazi ya mikono huchakaa. Walimaliza habari za hali ya hewa, wakamaliza habari za magonjwa, na baada ya hapo Svilen akaanza kukosa.

Ndiyo maana Albena alishangaa mwishoni mwa Agosti, Svilen alipompigia mwenyewe, tena siku ya kazi, sauti yake imechangamka kama ya mtu aliyepata mchumba. Alikuwa amepata mchezo mpya. Uliitwa Mji wa Chumvi. Watu wanajenga mji kando ya ziwa la chumvi, wanachimba, wanasafirisha, wanauziana, wanachaguana viongozi, wanapigana na wezi wa misafara. Haujamalizika, alikiri. Nusu ya ramani bado ni ukungu mtupu, mashua hazijaanza kutembea, na kuna nyumba ambazo ukiegemea ukuta unajikuta umeangukia sebuleni. Lakini unauzwa tayari. Anayenunua sasa, kabla haujakamilika, anapewa kiwanja cha mwanzilishi palepale ziwani, mahali ambapo baadaye hata tajiri hatapapata.

Albena alimwacha amalize. Halafu akamkumbusha mchezo wa manowari. Miaka mitatu nyuma Tsvetina aliwanunulia wote wanne, kama zawadi, mchezo mwingine ambao haujamalizika. Watengenezaji wakatoa picha nzuri, wakatoa ahadi nzuri, kisha siku moja ofisi yao ikawa haipokei simu.

"Hawa ni watu wa kweli, dada," Svilen alisema.

"Hata wale walikuwa watu wa kweli. Watu wa uongo hawawezi kukimbia na pesa."

Svilen akacheka, lakini hakukata tamaa. Jumatano akawahi kwenye simu kuliko wote, akawasimulia Docho na Tsvetina. Wote wawili macho yakawang'aa. Hata hivyo hawakuthubutu. Tsvetina alisema jeraha la manowari halijapona. Mzee Docho akaamua kama mwenyekiti wa kijiji: Albena ndiye mwenye jicho, basi Albena akague. Akisema twende, tunakwenda sote. Akisema tubaki, tubaki tumshukuru.

Hivyo Albena akaukagua Mji wa Chumvi kama angelikagua gari. Alitazama video za mtengenezaji mkuu, kijana mwembamba mwenye ndevu, aliyezungumza kila Ijumaa mbele ya ukuta mweupe. Alisikiliza zaidi yale ambayo hakuyasema. Mashua zilikuwa zinakuja "hivi karibuni" tangu majira ya kuchipua. Wafanyakazi wake walikuwa "kundi dogo lenye moyo", na kwa Albena, mtu anayetaja moyo kabla ya idadi anaficha idadi. Lakini hakukuta shimo. Kijana alikiri makosa, aliomba radhi pale kitu kilipoharibika, na uchovu machoni mwake haukuwa wa kuigiza. Kwa lugha ya kazi yake, gari lilikuwa limegongwa kweli, ila hakujua limegongwa na nani.

Kilichomsumbua zaidi kilikuwa mdogo wake. Svilen alikuwa mtu wa kukumbushwa siku ya kuzaliwa ya mama yao. Sasa wiki moja alipiga simu mara tatu. Alijua mambo ambayo mtazamaji wa kawaida hajui: kwamba soko la mji huchangamka zaidi alasiri, kwamba wakazi ni wakarimu sana kwa wageni, kwamba mwisho wa wiki ule wa pili wa Septemba milango itafunguliwa bure siku mbili ili watu waonje. Alisisitiza kwamba aingie siku hizo, ajionee umati.

Wabulgaria wana namna yao ya kulisema hili, na Waswahili wana yao: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Albena alimwuliza moja kwa moja. "Wanakupa ngapi kwa kila mtu unayemleta?"

"Hata senti. Naapa kwa kaburi la bibi."

Svilen hakuwahi kuapa kwa kaburi la bibi yao, hata alipokuwa mtoto na dirisha la jirani limevunjika na jiwe li mkononi mwake. Albena alikata simu akiwa na shaka kubwa kuliko aliyokuwa nayo kabla ya kiapo.

Mwisho wa wiki ule wa bure ulifika na msimu wa pilipili. Kila roshani ya ghorofa mjini ilikuwa na mtu anayechoma pilipili nyekundu kwa ajili ya akiba ya baridi, na harufu ya maganda yaliyoungua iliingia hadi makabatini. Albena alikuwa amemwahidi mama yake kumenya ndoo nzima. Aliiweka ndoo chini ya meza, akafungua kompyuta, akaingia Mji wa Chumvi bila kumwambia mtu. Alijitengenezea umbo la mzee kipara mwenye kibiongo, akampa jina la mwalimu wake wa hesabu wa darasa la saba, mtu aliyemchukia.

Mji ulikuwa mzuri. Alilazimika kulikubali hilo. Ziwa lilikuwa jeupe na upepo ulipolipitia chumvi ilinyanyuka kama unga. Na watu walijaa kweli. Hakupiga hatua kumi bila kusalimiwa. Mlinzi wa lango alimkaribisha, akamweleza njia. Mwanamke muuza samaki alimpa samaki wa bure. Mfinyanzi alimwonyesha jinsi ya kuchimba. Waliandika kwa Kiingereza, maneno yakatokea juu ya vichwa vyao, na kila mmoja alikuwa na hadithi yake: huyu muuguzi huko kwao, huyu mwanafunzi, huyu baba wa mapacha. Wote walikuwa wamenunua viwanja vya mwanzilishi. Wote walifurahi kununua.

Albena alitembea akichokonoa. Kwanza alidhani ni mashine zinazojibu kama watu. Akawatupia maswali ya ovyo, akawauliza kama wanapendelea supu ya utumbo au ya kuku, akawatukana kidogo. Hapana, walikuwa watu. Walikasirika kama watu, walichelewa kujibu kama watu, walikosea herufi. Hapo karibu aaibike. Aliinua pilipili, akaimenya, akajiambia labda kazi imemharibu, labda kuna watu wakarimu duniani naye amesahau wanavyofanana.

Kisha, saa saba mchana, uwanja ukapukutika. Mlinzi akaondoka, mfinyanzi akaondoka, mama wa samaki akaondoka, na wengine wengi pamoja nao, ndani ya dakika moja au mbili. Wakabaki watu wachache wakirandaranda kwa mshangao, wageni kama yeye. Baada ya nusu saa wakarudi, wote, kwa mpigo, na tabasamu zao.

Albena aliiacha pilipili irudi kwenye ndoo. Mama yake alifanya kazi kiwanda cha nguo maisha yake yote. Albena aliujua mlio wa king'ora cha chakula cha mchana tangu tumboni, na hapa aliuona bila kuusikia. Wakazi hawa walikuwa kazini.

Jumapili alirudi akiwa na kisu kikali zaidi. Sasa hakuuliza tena maswali, alisoma tu. Alisimama karibu na kisima kama mzee aliyesinzia, akasoma kila neno lililoandikwa na wale wa king'ora. Ndipo alipoiona mikato. Mlinzi wa lango, alipotaka kusita katikati ya sentensi, hakuweka nukta tatu kama watu wengine. Aliweka mikato mitatu. Albena akadhani amekosea kusoma. Lakini muuza samaki naye, alipokuja zamu yake alasiri, aliweka mikato mitatu. Na kasisi aliyekuwa akibariki mashua zisizotembea aliweka mikato mitatu.

Mtu mmoja tu alimjua anayeandika hivyo. Kompyuta ya kwanza kuingia nyumbani kwao ilikuwa mtumba, na kitufe chake cha nukta kilikuwa kimekufa. Svilen alijifunzia kuandika hapo, akaizoea mikato, na hakuiacha hata aliponunua kompyuta nzima.

Mkono wake ulikuwa mtulivu, kama ulivyokuwa mbele ya magari. Alimwongoza mzee kipara hadi kwenye meza ya samaki. Muuza samaki akamsalimia kwa furaha, akamwambia leo samaki ni wanono. Albena akabadilisha herufi, akaandika kwa Kibulgaria jina ambalo bibi yao tu alilitumia, kwa sababu ya jinsi kichwa cha mjukuu kilivyokuwa kikubwa alipozaliwa.

"Boga, umekula?"

Mwanamke wa samaki alisimama. Wateja wengine walimsemesha, hakuwajibu. Alikaa hivyo muda mrefu, kisu mkononi, anapumua kile kipumzi cha kuchorwa. Kisha akatoweka.

Simu ya Albena ikalia.

Svilen hakujaribu kukana. Alisema tu, "Dada, usiwaambie." Halafu yakamtoka yote. Tangu Februari hakuwa na kazi mashambani. Mkanda wa mashine ya kupangia nyanya uliukamata mkono wake wa kushoto, tajiri akampa malipo ya wiki mbili na kumtakia heri. Hakumwambia mama, hakumwambia yeyote. Jamaa mmoja Mromania, mpangaji mwenzake, ndiye aliyemwonyesha kazi hii. Wenye Mji wa Chumvi waliajiri watu wa kukaa mjini humo siku nzima, wawasalimu wageni, wajaze uwanja. Hakuna anayeingia mkahawa mtupu, waliambiwa. Ukishajaa wa kukodi, wa kweli watakuja, na hapo wa kukodi wataondoka kimyakimya bila mtu kuumia. Svilen alikuwa watu watano, mara nyingine wawili kwa mpigo. Aliwapa kila mmoja wasifu wake, na baba wa mapacha alikuwa yeye pia.

"Kwa hiyo kiapo chako kilikuwa safi," Albena alisema. "Hulipwi kwa kuleta mtu. Unalipwa kwa kuwa mtu."

"Sikukuita kwa ajili yao, dada. Mchezo wenyewe ni wa kweli. Wale vijana hawalali. Nilitaka mje ili,,," Akanyamaza, na Albena, ambaye hakuwa akisoma bali anasikiliza, aliisikia mikato mitatu. "Huko ndani siku nzima naongea na watu nisiowajua. Nilitaka mje ninyi."

Ingekuwa mtu mwingine, hapo angelainika. Albena naye alilainika, lakini shaka haikumtoka. Mtu huyu amemdanganya kwa sura tano kwa siku mbili. Ameficha kupoteza kazi miezi saba. Kwa nini mkono nao usiwe hadithi ya sita? Alijisikia anaomba kile alichowaomba watu wote wenye magari.

"Nionyeshe mkono."

"Unataka picha ya hasara," Svilen alisema.

"Nataka kuuona."

Akawasha kamera. Alikuwa amekonda, na nyuma yake palikuwa na vitanda vya ngazi na kamba ya nguo. Akainua mkono wa kushoto mbele ya kioo cha simu, akajaribu kukunja ngumi. Kidole gumba kikatii, cha shahada kikatii, cha kati kikafika nusu. Viwili vya mwisho vilibaki vimenyooka, vyembamba kuliko wenzake, na kovu lilipita chini yake likiwa jekundu bado. Aliugeuza mkono upande huu na upande ule, taratibu, kama mwenye gari anayetaka mkaguzi aridhike. Albena alisema basi, inatosha. Svilen akaendelea kuugeuza kidogo zaidi.

Siku zilizofuata Albena alikagua magari vibaya. Jumatano alitakiwa kutoa hukumu. Akisema kweli, Docho na Tsvetina hawatanunua, na huenda wataisambaza habari, na mdogo wake atapoteza mkate wake pekee. Akisema uongo, atakuwa mkazi wa kukodi wa Mji wa Chumvi, tena bila mshahara. Svilen aliomba apewe mwezi mmoja. Albena akamjibu kwamba atampa hadi Jumatano: ama aseme yeye, ama aseme dada yake, lakini itasemwa.

Jumatano Svilen akasema. Aliketi wima kama mtu aliye mbele ya hakimu, akawaeleza, mkono akiwa ameuficha. Tsvetina alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja tu, kama mfinyanzi aliyempa yeye ushauri, alipouchungulia mji Jumamosi, kuhusu mwanawe mgonjwa naye alikuwa mtu wa kukodi. Svilen akasema ndiyo, ingawa hakuwa yeye. Tsvetina akatikisa kichwa, akasema amewasikia, akazima. Hakurudi kwenye simu za Jumatano.

Mzee Docho alibaki kwenye simu. Alikuwa na kikombe cha chai ya mlimani, akawa anakizungusha mezani. Naye kumbe aliingia mji ule siku za bure, na akakaa na mhunzi mmoja jioni nzima.

"Yule mhunzi alikuwa wewe?" aliuliza.

"Hapana, mzee. Simjui hata jina. Tuko wengi."

"Nilimweleza habari za marehemu Stoyanka wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Wanangu hunisikiliza mpaka neno hospitali, halafu wana mkutano." Akanywa chai. "Sasa mnaniambia alikuwa kazini. Hata daktari huwa kazini."

Albena akamwambia kwa sauti ya kikazi kwamba ushauri wake ni wasinunue. Mji unaokodi watu unaficha njaa. Pesa zikiisha, taa zitazimwa, kama kule kwenye manowari.

"Umekagua vizuri, binti yangu," Docho alisema. "Mimi nanunua." Na alipoona uso wake akamweleza kwamba nyumba yake haijapigwa lipu nje tangu mwaka aliooa, watoto watatu wamekulia humo, na hakuna aliyewahi kumwambia asiingie kwa kuwa haijamalizika. Svilen alicheka, kisha akafuta macho kwa mkono aliokuwa akiuficha.

Svilen aliacha kazi ile baada ya wiki moja, kwa hiari yake. Alisema hakuweza tena kuuza samaki. Albena alimtumia tiketi ya basi, naye akashuka Gabrovo siku ya Mtakatifu Dimitar, mwishoni mwa Oktoba, mvua ya theluji ikianza, akiwa na begi moja. Mama yao alimtazama mkono, akampiga kofi, kisha akamkumbatia, na hakuuliza jambo lolote mpaka alipomaliza kula. Daktari alisema kidole kimoja kinaweza kuokolewa kwa upasuaji na mazoezi, kingine asikitegemee. Kabla ya Krismasi alipasuliwa. Akawa anaishi katika chumba cha nyuma cha Albena, anabinya mpira asubuhi na jioni, na kuwarekebishia majirani simu kwa mkono mmoja na meno.

Mji wa Chumvi ulimfikia Albena kupitia kwa Docho, aliyekuwa akituma habari kama balozi. Mwezi Januari akaandika kwamba uwanja umekuwa mtupu. Mlinzi hayuko langoni. Samaki wanaoza mezani. Ijumaa ile Albena alifungua video ya kijana mwenye ndevu, akitegemea kusikia maneno "hivi karibuni" kwa mara ya mwisho. Badala yake kijana akasema kwamba walilipa watu wajifanye wakazi, kwamba lilikuwa wazo lake, kwamba waliobaki mjini ni wachache sana na ni haki yao kujua. Anayetaka kurudishiwa pesa atarudishiwa. Anayetaka kubaki, mashua ya kwanza itashushwa majini mwezi ujao, na kama haitashuka, wamwite mwongo hadharani. Hakutaja moyo. Alitaja idadi: yeye na wenzake wanne.

Albena aliitazama video mara mbili, akitafuta mkwaruzo. Akamwita Svilen aje aitazame naye. Alimwuliza kama kijana huyo husema kweli. Svilen akasema hajui, hakuwahi kukutana naye, alilipwa na mtu mwingine kabisa. Ila wenzake wa zamani walikuwa wameshafukuzwa wote, hilo lilikuwa kweli. Mromania alikuwa amerudi kwenye nyanya.

"Kwa hiyo sasa hakuna mtu humo," Albena alisema.

"Yupo mzee Docho. Na wengine kidogo."

Albena alikaa na jambo hilo siku kadhaa. Umati ndio uliomtia shaka tangu mwanzo, na umati haukuwepo tena. Mji mtupu hauwezi kumdanganya mtu kuhusu nani anayeishi humo. Hata hivyo alijiuliza kama huko kukiri nako si ujanja mpya, ujanja wa wenye akili, wa kuwanasa watu kama yeye ambao hawanasi kwa tabasamu. Hakupata jibu. Aligundua pia kwamba bei ilikuwa imeshushwa nusu, na hilo, kwa mtu wa Gabrovo, halikuwa hoja ndogo. Jumapili moja, mama na Svilen wakiwa wamekwenda kanisani, akanunua.

Safari hii aliingia kwa jina lake mwenyewe na umbo la mwanamke wa umri wake. Lango lilikuwa wazi, halina mtu. Mvua ilikuwa inanyesha mjini humo, mvua ambayo ilikuwa bado haijajifunza kugonga mapaa, ikapenya hadi ndani ya nyumba. Aliupita uwanja, akashuka ziwani. Kwenye viwanja vya waanzilishi palikuwa na vibanda vichache vilivyotawanyika, na mbele ya kimoja, kilichojengwa kwa ukuta wa mawe mazito ya mtu anayejua anachofanya, alisimama mzee mwenye ndevu nyeupe akichimba mfereji wa maji ya chumvi. Juu ya kichwa chake paliandikwa Docho.

Albena alisimama mbali kidogo. Jina si mtu, alijiambia. Vidole vikatangulia kabla hajaviruhusu, vikaandika: "Nithibitishie kwamba ni wewe. Mkeo alifariki mwezi gani?"

Mzee akaacha kuchimba. Aligeuka akamtazama, au umbo lake likamtazama, na mvua ikampita kichwani hadi miguuni. Albena alijuta pale pale. Alitafuta maneno ya kuomba radhi kwa mtu wa heshima kama yule, na kabla hajayapata, jibu likatokea.

"Sithibitishi kitu, Albena. Kuna koleo nyuma ya kibanda. Lichukue, uanzie upande ule."

Albena alisubiri kidogo, aone kama kuna neno jingine litakalofuata. Halikuja. Mzee alikuwa ameshainama tena. Akazunguka nyuma ya kibanda, akajigonga kwenye ukuta ambao safari hii haukumpitisha, akaliona koleo limeegemezwa, akalichukua.